Moyo wa binti ulishashonwa, lakini nyumbani bado haruhusiwi kucheza

Barua

Habari za kazi, washauri wa safu hii.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Igogo hapa Mwanza, huku juu kwenye mawe. Binti yangu wa pili, nitamwita Kabula, ana miaka 8 na yuko darasa la pili. Alizaliwa na ugonjwa wa moyo. Alipokuwa mdogo, akilia tu midomo inakuwa kama ya mtu aliyekula zambarau, na akitembea hatua chache anachuchumaa kwanza ndipo aendelee. Hospitali walituambia ni TOF, kwa kirefu tetralojia ya Fallot. Akiwa na miaka 3 tukapata rufaa ya Dar es Salaam, akafunguliwa kifua, wakaziba tundu na kupanua njia ya damu ya kwenda mapafuni. Namshukuru Mungu, tangu pale midomo haijarudi kuwa vile.

Siku tunaruhusiwa tuliambiwa asikimbie, asibebe kitu kizito, na tusimnyanyue kwa kumshika makwapani. Tumelishika hilo mpaka leo. Baba yake anauza dagaa Mwaloni Kirumba, anatoka alfajiri, mimi nina genge langu, kwa hiyo anayeshinda naye ni bibi yake. Bibi anasema kifua cha mtoto kimefungwa kwa nyaya, akianguka zitakatika. Shuleni nilimwomba mwalimu asimchezeshe. Wenzake wakiwa uwanjani, yeye anakaa chini ya mwarobaini analinda sweta zao.

Wiki mbili zilizopita nilirudi mapema nikamkuta nyuma ya jiwe kubwa anacheza rede. Jasho linamtoka, anacheka kwa sauti. Bibi naye akatokea, akapiga kelele mtaa mzima ukajaa. Kwa hofu nikamchapa. Usiku akaniuliza, "Mama, mimi nitapona lini?" Sikuwa na jibu.

Mengine ni haya. Ni mwembamba, kilo 19. Akipanda ngazi za kuja nyumbani anachoka kuliko mdogo wake. Mwalimu anasema akielezwa anaelewa, ila kunakili ubaoni anabaki nyuma. Mwezi wa pili alipata homa, kipimo cha malaria kikawa safi, duka la dawa wakatupa antibayotiki ya maji, homa ikakata. Baada ya wiki ikarudi, nikanunua tena, ikakata. Sasa yuko sawa. Jino la nyuma limetoboka, likimuuma nampa panado. Kliniki ya moyo hatujaenda miaka miwili na nusu kwa sababu alishapona, na nauli ya Dar es Salaam siyo ndogo.

Naomba mniambie, nimruhusu acheze? Na ataishi kama wenzake, asome, aolewe, azae?

Mama Kabula, Igogo, Mwanza

Jibu

Mama Kabula, pole kwa safari ndefu uliyopita na mtoto huyu. Maswali yako tutayajibu yote, ila tunaanza na jambo ambalo hukuliuliza, kwa sababu haliwezi kusubiri.

Jino lililotoboka, homa iliyokatwa na antibayotiki ikarudi, na miaka miwili na nusu bila kliniki. Kila moja peke yake ni la kawaida katika nyumba yenye watoto. Yakikutana kwa mtoto mwenye kiraka ndani ya moyo, kile walichozibia tundu, yanatutia hofu kuliko rede. Nyumba nzima imekesha ikilinda mlango wa mbele, na dirisha la nyuma liko wazi.

Kinywani mna bakteria wengi, na jino bovu ni tundu la kuingilia kwenye damu. Mtoto ambaye moyo wake haujawahi kuwa na tatizo hawamsumbui, damu huwafagia. Lakini pale ambapo damu inapita kwa kasi kwenye njia iliyowahi kuwa nyembamba, au pembeni ya kiraka kama kimebaki kinavuja hata kidogo, bakteria hupata pa kushika na kuota. Ugonjwa huo huitwa endokaditisi, yaani maambukizi ya utando wa ndani wa moyo na valvu zake, ile milango inayozuia damu kurudi nyuma. Tabia yake ni hiyohiyo uliyoieleza: homa isiyo kali sana, kipimo cha malaria safi, antibayotiki ya dukani inaituliza, dawa ikiisha inarudi. Dozi ya siku tano au saba haifiki kwenye mizizi. Ugonjwa wenyewe hutibiwa kwa sindano za mshipa kwa wiki 4 hadi 6.

Hatusemi Kabula anao. Homa za watoto huku kwetu zina sababu nyingi, na huenda mwezi wa pili ilikuwa mafua yaliyopita mara mbili. Tunachosema ni kwamba aonwe wiki hii, si mwisho wa muhula. Mpeleke hospitali ya Bugando ukiwa na karatasi ya kuruhusiwa ya Dar es Salaam, na ukifika mapokezi sema sentensi hii bila kuizungusha: "Mtoto alifanyiwa upasuaji wa TOF, amepata homa iliyorudi baada ya antibayotiki, na ana jino bovu." Sentensi hiyo inambadilishia daktari orodha ya vipimo. Atataka kusikiliza moyo, kupima wingi wa damu, kupima mkojo, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na pengine kuotesha damu ili kuona kama ina bakteria. Kwa kuotesha damu huchukuliwa sampuli kadhaa, kwa kawaida tatu, kabla ya antibayotiki yoyote. Ndiyo maana tunakusihi, homa ikirudi leo usiku usimpe antibayotiki iliyobaki kabatini. Ukimpa, bakteria wanajificha na kipimo kinatoka safi wakati ugonjwa upo. Mpe parasetamoli tu: kwa kilo 19 ni miligramu 250, yaani nusu ya kidonge cha 500, si zaidi ya mara nne kwa siku. Asubuhi awe hospitali.

Jambo moja zaidi kwa sababu mnaishi ziwani. Endokaditisi inaweza kuleta damu kwenye mkojo na kukuza bandama. Huku kwetu mtoto mwenye dalili hizo hupewa dawa ya kichocho mara moja na kurudishwa nyumbani, na mara nyingi kweli huwa ni kichocho. Kwa Kabula msikubali kuishia hapo bila moyo kuangaliwa.

Jino litibiwe, lisibaki kwa panado, ila lisiguswe kabla daktari wa meno hajaiona karatasi ya moyo. Kwa mtoto aliyeshonwa zaidi ya miezi 6 iliyopita na kiraka hakivuji, miongozo mingi haidai dawa ya kinga kabla ya kung'oa. Kama kuna uvujaji uliobaki pembeni ya kiraka, miongozo hiyo hushauri dawa: amoksilini miligramu 50 kwa kila kilo, mara moja tu, dakika 30 hadi 60 kabla ya kung'oa. Kwa kilo 19 hiyo ni karibu miligramu 1,000. Kwa kuwa Kabula hana eko ya karibuni, hakuna anayejua yuko upande upi, kwa hiyo uamuzi huo ni wa madaktari wawili wakiongea, wa moyo na wa meno, na damu ya kuotesha ikishachukuliwa. Kama amewahi kuvimba au kutoka vipele kwa penisilini, useme. Baada ya hapo ni mswaki mara mbili kwa siku, dawa ya meno yenye floraidi kiasi cha punje ya njegere, ateme bila kusukutua sana, na kinywa kikaguliwe kila miezi 6.

Sasa tuje kwenye mchezo.

Mlichoambiwa siku ya kuruhusiwa kilikuwa sahihi kabisa, ila kilikuwa na tarehe ya mwisho ambayo hamkuambiwa, au mliambiwa mkiwa mmechoka haikuingia. Mfupa wa katikati ya kifua ukipasuliwa huungana kwa wiki 6 hadi 8, na kwa tahadhari watu husubiri mpaka miezi mitatu. Katika muda huo mtoto hanyanyuliwi kwa makwapa, habebi mzigo, hapandi miti. Baada ya hapo katazo linaisha. Kwenu limeendelea kwa miaka mitano.

Kuhusu nyaya, mwambie bibi kwamba ameongea kweli nusu. Nyaya zipo, ni za chuma kisichoshika kutu, na ukipitisha kidole katikati ya kifua cha mtoto mwembamba unaweza kuzigusa kama vifundo vidogo. Kazi yake ilikuwa kushikilia mfupa mpaka uungane, kama gango kwenye mguu uliovunjika. Mfupa ulishaungana zamani na sasa unajishika wenyewe. Hata waya mmoja ukikatika miaka kumi baadaye, kifua hakifunguki. Akianguka kwenye rede atachubuka goti kama mwenzake.

Kinachotakiwa kujulikana kabla hajaingia kwenye mbio za mashindano ni hali ya moyo wenyewe leo. Tetralojia ilipata jina la Fallot, daktari wa Ufaransa aliyeieleza mwaka 1888: tundu kati ya vyumba viwili vya chini, njia nyembamba ya kwenda mapafuni, mshipa mkuu uliokaa juu ya tundu, na msuli wa chumba cha chini cha upande wa kulia ulionenepa kwa kusukuma. Upasuaji huziba tundu na kupanua njia. Katika kupanua, mara nyingi valvu ya mapafu haibaki nzima, kwa hiyo kila moyo ukisukuma, damu kidogo inarudi nyuma. Mtoto hasikii chochote. Anaweza kuishi na uvujaji huo miaka mingi huku chumba hicho cha upande wa kulia kikitanuka polepole kama mpira unaojazwa upepo kila siku kidogo. Wengine huhitaji valvu mpya wakifika ujana au utu uzima, na wakati mzuri wa kuiweka ni kabla chumba hakijatanuka kupita kiasi. Anayeuona wakati huo ni mwenye eko ya kila mwaka, basi. Neno "alishapona" ndilo linalowapotezea watoto wengi wa TOF nafasi hiyo. Tundu limepona, lakini ukaguzi ni wa maisha.

Ukaguzi huo hauna lazima ya nauli ya Dar es Salaam kila mwaka. Uliza kliniki ya moyo Bugando kama wanaweza kumfuatilia hapa na kuwasiliana na waliompasua pale tu panapobadilika kitu. Ukiwa kliniki uliza maswali haya na uombe majibu yaandikwe kwenye kadi: Je, kiraka kinavuja? Valvu ya mapafu inavuja kiasi gani, kidogo, wastani au sana? Chumba cha upande wa kulia kimetanuka kuliko eko ya mwisho? Kipimo cha umeme wa moyo kinaonyesha mapigo yanayoruka? Na mwisho, michezo ipi anaruhusiwa, kwa maandishi. Swali hili la mwisho wazazi hulisahau, na bila karatasi mwalimu atamrudisha chini ya mwarobaini.

Kabla ya siku ya kliniki, kama hana homa, aendelee kutembea kwenda shule na kucheza kwa kasi anayoichagua mwenyewe, apumzike akitaka. Asishindanishwe mbio, basi hilo tu. Majibu yakiwa mazuri, msimtupe uwanjani siku hiyohiyo. Kuchoka kwake kwenye ngazi huenda kunatokana na miguu zaidi ya moyo. Msuli uliokaa miaka mitano hauna nguvu, hata kwa mtoto ambaye hajawahi kuugua. Daktari apime damu pia, maana hemoglobini chini ya gramu 11.5 kwa desilita kwa umri wake ni upungufu wa damu, na mtoto mwenye damu pungufu atahema hata moyo ukiwa mzima. Halafu anzeni na dakika 10 za mchezo wa kuhemesha kila siku: kuruka kamba, rede, kombolela, chochote anachokipenda. Kila wiki ongezeni dakika 5. Kwa wiki kumi hivi mtafika saa moja, ambayo ndiyo kiasi kinachoshauriwa kwa mtoto yeyote wa umri wake.

Kipimo cha kasi ni mdomo wake. Akicheza huku anaweza kuongea sentensi nzima, yuko pazuri. Akikatika katikati ya sentensi apumzike mpaka pumzi irudi, kisha aendelee. Mfundisheni kupima hivyo mwenyewe, ili asihitaji bibi wa kumpigia kelele. Zile ngazi za mawe za Igogo nazo ni mazoezi mazuri kuliko uwanja: ngazi 20, anasimama, anahesabu mpaka 30, anaendelea. Ndoo ya lita 20 asibebe, maana ni kilo 20 na yeye mwenyewe ana 19. Kidumu cha lita 5 kinamfaa. Ziwani moyo hautamkataza baada ya ruhusa, ila maji ya kina kifupi yenye matete ndimo waliko konokono wa kichocho, na hilo ni kwa watoto wako wote watatu.

Vya kumsimamisha papo hapo ni vichache, vishikeni vizuri: kuzimia au kukaribia kuzimia akiwa anakimbia, kifua kuuma wakati wa mchezo, moyo kwenda mbio ghafla hata akiwa amekaa, midomo au kucha kuwa bluu, miguu au uso kuvimba. Akizimia katikati ya mchezo ni hospitali siku hiyohiyo hata kama ameamka na kucheka, kwa sababu baada ya upasuaji huu mapigo yanaweza kukosa mpangilio, na kuzimia huweza kuwa onyo la kwanza. Jasho na kuhema havimo kwenye orodha hii. Wala kuchuchumaa hakumo: zamani alichuchumaa ili damu ya mapafuni iongezeke, leo akichuchumaa anacheza mdako, midomo ikiwa myekundu, mwacheni.

Shuleni, kazi imo kwenye karatasi moja. Mwandikieni mwalimu mkuu, mkiambatanisha nakala ya ruhusa ya daktari. Mnaweza kuandika hivi:

"Mwanafunzi alifanyiwa upasuaji wa moyo akiwa na miaka 3. Anaruhusiwa kushiriki michezo na kazi za mikono kwa kasi yake. Akiomba kupumzika apumzike bila kuulizwa mara mbili. Asipewe adhabu ya kukimbia wala kusimama juani. Akizimia, kuumwa kifua au midomo ikibadilika rangi, tupigieni simu na apelekwe hospitali mara moja. Tunaomba akae mstari wa mbele."

Mstari wa mbele una sababu yake. Watoto wa TOF walikaa miaka ya kwanza ya uhai ubongo ukipata oksijeni pungufu, kisha wakapitia mashine ya moyo wakati wa upasuaji. Wengi wana akili nzuri ila baadhi wanasumbuliwa na umakini, kasi ya mkono, na kushika maagizo mawili matatu kwa pamoja. Mwalimu wako amekueleza hilohilo bila kujua sababu. Mtoto anayeelewa akisimuliwa na kubaki nyuma akinakili asiitwe mvivu. Apewe muda zaidi, agizo moja kwa wakati, na kama inawezekana anakili nusu ubaoni na nusu kwenye daftari la mwenzake. Macho yake yapimwe kwanza, lakini, ili msilaumu moyo kwa kosa la macho.

Kuhusu uzito, msichana wa miaka 8 kwa wastani ana kama kilo 25. Kabula yuko chini lakini hajaporomoka. Usihangaike na unga wa lishe wenye nafaka kumi. Soya isiyokaangwa vizuri inasumbua tumbo, na karanga zilizosagwa pamoja na unga zikakaa wiki tatu zinachacha au kuota ukungu wenye sumu. Pika uji wa kawaida, ukiiva weka kijiko kikubwa cha karanga zilizosagwa siku hiyo na kijiko kidogo cha mafuta. Dagaa mnao nyumbani: waoshe chumvi na mchanga, wakaange wakauke, watwange, vijiko viwili kwenye mboga yake kila siku. Akitoka shule apate michembe (viazi vitamu vilivyokaushwa) au kiazi na maziwa. Dawa ya minyoo kila miezi 6, na ya kichocho shule inapogawa. Mpimeni kila mwezi. Akisimama miezi mitatu bila kuongezeka, au akipungua, mwambieni daktari wa moyo.

Tumebakiza swali lake: "Nitapona lini?"

Watafiti wanaopima ubora wa maisha ya watoto wenye magonjwa ya moyo hutumia dodoso linaloitwa PedsQL. Lina maswali 23 katika maeneo manne, yaani mwili, hisia, wenzake na shule. Mzazi hujaza lake na mtoto hujaza lake. Tafiti nyingi zimekuta wazazi wakiyapa maisha ya mtoto alama za chini kuliko anazojipa mtoto mwenyewe. Zimekuta pia kwamba wenye matatizo mepesi au yaliyorekebishwa vizuri wanaishi karibu sawa na wenzao, na kwamba kinachobaki kuwa kigumu mara nyingi ni shule na urafiki kuliko pumzi. Kwa hiyo usikisie. Jumapili mkiwa wawili mnachambua mchele, muulize: Wiki hii nini kilikuwa kigumu mwilini? Nini kilikuhuzunisha? Ulicheza na nani? Shuleni nini kilikushinda? Sikiliza tu, usimkatize kwa kumtetea wala kumwonya. Kwa barua yako tunadhani jibu la kuumiza litakuwa mwarobaini na zile sweta.

Na umjibu lile swali, maana bado analisubiri. Mwambie kwa maneno ya umri wake: "Ulizaliwa na moyo wenye tundu na bomba jembamba. Madaktari walishona tundu na kupanua bomba. Sasa unafanya kazi. Kila mwaka tunaenda kuukagua, kama wavuvi wanavyokagua mtumbwi kabla ya msimu." Mwombe radhi kwa kile kibao pia. Alichapwa kwa kucheza, na asipoelezwa atadhani amechapwa kwa kuugua. Mshono wake wa kifuani watoto watauuliza, mfundishe jibu fupi la kusema bila kuinamisha kichwa: "Nilipasuliwa moyo nikiwa mdogo, nikapona." Wenzake wakishajua, mambo yao ni rede.

Ya mbele pia umeyauliza. Upasuaji wa kurekebisha TOF ulifanyika mara ya kwanza Marekani mwaka 1954, na tangu hapo watoto wengi waliorekebishwa wamekua, wamesoma, wameajiriwa, wameoa na kuolewa. Kabula anaweza kuzaa pia. Itabidi aonwe na daktari wa moyo kabla ya kubeba mimba, si baada, na kadi yake ya leo ndiyo itakayomsaidia siku hiyo. Kati ya watoto 100 wa akina mama waliozaliwa na TOF, karibu 3 hadi 5 huzaliwa na tatizo la moyo, wakati kwa watu wote ni kama mmoja kati ya 100. Piga picha karatasi ya kuruhusiwa, eko na ruhusa ya michezo, zikae kwenye simu yako na ya baba yake. Karatasi za Igogo zikinyeshewa mvua hazirudi.

Bibi msimwondoe kazini. Amemlinda mtoto huyu miaka mitano na macho yake yanahitajika, yanahitaji tu kuelekezwa pengine. Mpeni mswaki wa jioni ausimamie yeye, mpeni tarehe ya kliniki aikumbushe yeye. Na siku ya eko nendeni naye mpaka ndani ya chumba, auone moyo wa mjukuu wake kwenye skrini ukipiga, daktari amwonyeshe kwa kidole pale walipoziba.